Kobe Wakubwa wa Visiwani

Kobe ni mnyama ajulikanaye sana kwetu. Mvua za masika zinyeshapo, watoto wa Chalinze, wa Lugoba na wa Msata humkuta shambani akila majani mabichi, au humwona akivuka njia polepole, na mara wamkaribiapo huingiza kichwa na miguu ndani ya gamba lake, akanyamaza kama jiwe. Katika hadithi za wazee wetu kobe huwashinda wanyama wenye mbio na wenye nguvu, maana hutumia akili na subira. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

Lakini kobe huyu mdogo ana ndugu wakubwa, na ukoo wake una habari ndefu kuliko habari za wafalme wote wa dunia. Katika somo hili tutasoma jinsi ukoo huo ulivyoanza, jinsi kobe wakubwa walivyofika katika visiwa vya bahari yetu, na jinsi mifupa iliyogeuka mawe ilivyotufunulia habari ambazo hapakuwa na mtu wa kuziona wala wa kuziandika.

1. UKOO WA KOBE NA KASA

Wanyama wenye gamba la namna hii ni wa aina tatu kwa makao yao. Kobe wa nchi kavu wana miguu minene kama nguzo, nao hawawezi kuogelea sawasawa. Kobe wa maji hukaa mitoni na ziwani, na vidole vyao vimeunganishwa na ngozi ili wapate kupiga maji. Kasa hukaa baharini. Miguu yao imekuwa kama makasia, nao hupanda pwani kwa ajili ya kutaga mayai tu. Ng'amba, ambaye gamba lake lilitumika zamani kutengenezea vitana na visanduku, ni mmoja wa kasa.

Biashara ya magamba hayo ni ya kale sana katika pwani yetu. Kiko kitabu cha Kiyunani, kiitwacho Periplo ya Bahari ya Eritrea, ambacho wataalamu wengi husema kiliandikwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo, ili kuwaongoza mabaharia na wafanya biashara. Kitabu hicho chataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa zilizonunuliwa Rhapta, mji wa biashara uliokuwa katika pwani yetu. Tena chataja kisiwa kiitwacho Menuthias, ambacho wengi hudhani kuwa ni Pemba au Unguja, na chasema kwamba katika kisiwa hicho walikuwako pia kobe wa nchi kavu.

2. GAMBA LILIVYOTOKEA

Watu wengine hudhani kwamba gamba la kobe ni nyumba aliyoivaa, kama mtu avaavyo kanzu, na kwamba aweza kutoka akaiacha. Si kweli. Ukilitazama gamba tupu la kobe aliyekufa zamani, upande wa ndani, utauona uti wa mgongo wake umeshikamana na gamba, na mbavu zake zimepanuka zikaungana kama mbao za sakafu. Gamba ni mifupa ya kobe mwenyewe. Kumtoa kobe katika gamba lake ni sawa na kumtoa mtu katika mbavu zake.

Basi, mbavu zilipataje kuwa gamba? Jibu limetoka katika mawe. Huko Afrika ya Kusini imepatikana mifupa ya mnyama mdogo aliyeishi miaka kama milioni 260 iliyopita. Hakuwa na gamba, lakini mbavu zake zilikuwa pana sana, pana kuliko mbavu za mjusi yeyote. Wataalamu wengi humhesabu kuwa katika mababu wa kobe. Mwaka 2008 wataalamu walieleza mifupa iliyopatikana nchi ya China, ya mnyama aliyeishi miaka kama milioni 220 iliyopita. Huyu alikuwa na gamba kamili la tumbo, lakini mgongoni hakuwa na gamba kamili, ila mbavu pana tu. Tena alikuwa na meno, ambapo kobe wa leo hawana meno hata mmoja. Kwa sababu hiyo aliitwa Odontochelys, yaani kobe mwenye meno. Na huko Ujerumani imepatikana mifupa ya kobe wa miaka kama milioni 210 iliyopita, mwenye gamba kamili juu na chini, lakini hakuweza kuficha kichwa chake ndani.

Hivyo twaona kwamba gamba halikutokea siku moja. Kwanza mbavu zilipanuka, kisha likaja gamba la tumbo, kisha gamba la mgongo, na mwisho ile hila ya kuficha kichwa. Kila hatua ilichukua mamilioni ya miaka.

3. MIFUPA IGEUKAVYO MAWE

Huenda mwanafunzi akauliza, "Mfupa waweza vipi kukaa miaka mingi namna hii bila kuoza?" Mifupa mingi huoza, au huliwa na fisi, au huvunjwavunjwa na jua na mvua. Lakini mara chache mnyama hufa mahali ambapo mwili wake hufunikwa upesi na matope ya mto, au mchanga, au majivu ya mlima wa moto. Huko chini maji huingia polepole katika vitundu vidogo vya mfupa, nayo hubeba chumvi za mawe. Chumvi hizo hubaki ndani ya mfupa, na baada ya miaka maelfu mfupa huwa mzito na mgumu kama jiwe, lakini umbo lake halibadiliki. Mifupa ya namna hii, pamoja na alama nyingine za viumbe vya kale zilizohifadhiwa mawemawe, huitwa visukuku.

Kobe huacha visukuku kwa wingi kuliko wanyama wengi, kwa sababu gamba lake ni mfupa mnene. Ndege ana mifupa myepesi, nayo hupotea; gamba la kobe, hata likivunjika, vipande vyake hutambulikana.

Mtu achimbaye kisima hukuta udongo wa juu, kisha mchanga, kisha udongo mwekundu, kisha mawe. Kila aina ni tabaka lake, na tabaka la chini ndilo la kale kuliko la juu, maana halikuweza kuwekwa chini ya lingine lililotangulia. Hii ndiyo kanuni kuu ya kazi hii. Ikumbukeni, kwa maana tutaihitaji tutakapofika Aldabra.

4. KOBE WA KALE WA AFRIKA

Nchi zetu za Afrika ya Mashariki zina visukuku vingi vya kobe. Katika kisiwa cha Rusinga, ndani ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, imepatikana mifupa ya kobe wa miaka kama milioni 18 iliyopita. Karibu na Ziwa Turkana imepatikana mifupa ya kobe wa maji wa aina zisizokuwako tena duniani.

Katika Tanzania mahali palipo maarufu ni Laetoli, kusini ya Olduvai. Mwaka 1978 watu wa Mary Leakey walikuta pale nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama sisi, zilizopigwa katika majivu ya mlima wa moto zaidi ya miaka milioni 3 na nusu iliyopita. Watu wengi wamesikia habari za nyayo hizo. Wachache wamesikia kwamba katika matabaka yayo hayo ya Laetoli mna mifupa mingi ya kobe, na wengine wao walikuwa wakubwa kuliko kobe yeyote aonekanaye porini kwetu leo.

Jambo hili ni la maana. Watu wengi walipowaona kobe wakubwa wa visiwani walisema, "Kisiwa ndicho kilichowafanya wawe wakubwa, kwa kuwa huko hakuna adui, nao hula na kunenepa." Lakini Laetoli si kisiwa. Katika vilima vya Siwalik, upande wa kaskazini wa Bara Hindi, wataalamu Falconer na Cautley walikuta katika karne ya 19 mifupa ya kobe ambaye gamba lake lilikuwa na urefu upatao mita 2. Siwalik pia si kisiwa. Basi kobe wakubwa walikuwako bara kabla ya kufika visiwani, na wengine walifika visiwani wakiwa wakubwa tayari.

Ziko pia habari za visiwa vya mbali. Katika kisiwa cha Malta, ndani ya Bahari ya Mediterania, mtaalamu Leith Adams alieleza mwaka 1877 mifupa ya kobe mkubwa wa kale. Kisiwa hicho hicho kina mifupa ya tembo wadogo sana, wadogo kuliko ng'ombe. Tazameni ajabu hiyo: katika kisiwa kimoja, tembo wadogo na kobe wakubwa! Wote hawa wamekwisha kabisa, na Malta leo haina tembo wala kobe mkubwa. Kilichobaki ni mawe.

5. KISIWA CHA ALDABRA

Sasa tuje katika bahari yetu wenyewe. Aldabra ni kisiwa cha matumbawe katika nchi ya Shelisheli, umbali wa kilomita kama 740 kutoka pwani ya Tanzania. Umbo lake ni kama pete iliyokatika mahali mahali. Katikati mna maji ya bahari, na kuzunguka pande zote mna ardhi nyembamba ya mawe makali yenye ncha. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo haipandi zaidi ya mita 8 juu ya bahari. Hakuna mto, na maji ya kunywa ni ya mvua tu, yanayokaa katika mashimo ya mawe.

Katika nchi hiyo kame wanaishi kobe wakubwa wapatao 100,000. Dume aliyekomaa aweza kuwa na uzito wa kilo 250, yaani uzito wa magunia mawili na nusu ya mahindi, na gamba lake huweza kupita urefu wa mita moja. Huko wao ndio wanaofanya kazi ya ng'ombe na mbuzi: hula majani yakawa mafupi kama yaliyofyekwa, na hutawanya mbegu katika mavi yao. Jua likiwa kali hukimbilia kivulini, maana aliyechelewa hufa kwa joto ndani ya gamba lake.

Umri wao ni mrefu sana. Yuko kobe wa ukoo huu aitwaye Jonathan, aliyepelekwa katika kisiwa cha St Helena mwaka 1882, naye wakati huo alikuwa mtu mzima. Mwaka 2022 alikuwa angali hai. Tangu kufika kwake ni miaka 140, na miaka aliyokuwa nayo kabla ya kufika ni nyongeza.

Hapa pana fumbo. Aldabra haikuwa sehemu ya bara lo lote wakati wo wote. Imezungukwa na bahari yenye kina kirefu sana pande zote. Kobe wa nchi kavu hajui kuogelea kama kasa, tena hawezi kunywa maji ya chumvi. Basi walifikaje?

6. KISIWA KILICHOZAMA

Kabla ya kulijibu swali hilo, tusikie habari iliyolifanya fumbo kuwa gumu zaidi.

Mawe ya Aldabra ni mawe ya matumbawe. Mkienda Bagamoyo, au kwenye magofu ya Kaole, mtaona mawe ya namna hiyo katika kuta za kale, nanyi mkitazama vizuri mtaona ndani yake alama za nyota na vitundu. Hizo ni nyumba za wanyama wadogo wa baharini. Matumbawe hayaoti nchi kavu. Huota chini ya maji ya bahari tu. Kwa hiyo mahali penye mwamba wa matumbawe palikuwa chini ya bahari hapo kale.

Wataalamu waliochunguza Aldabra walipima umri wa mwamba wake, wakaona kwamba miaka kama 125,000 iliyopita bahari ya dunia nzima ilikuwa juu kuliko sasa kwa mita kadhaa, kwa kuwa barafu nyingi ya kaskazini na ya kusini ilikuwa imeyeyuka. Kisiwa kidogo kama Aldabra kilizama chote. Kobe wote waliokuwapo walikufa.

Lakini je, walikuwapo kobe kabla ya gharika hiyo? Hapa ndipo tabaka linapotoa ushahidi. Chini ya matumbawe ya wakati ule wa gharika mna tabaka la kale zaidi, na ndani yake imepatikana mifupa ya kobe wakubwa. Juu yake pia imepatikana mifupa ya kobe. Maana yake ni hii: kobe walifika, kisiwa kikazama, wakafa; bahari ikashuka, kisiwa kikatokea tena, na kobe wakafika tena. Wataalamu walipoyapanga matabaka kwa umri wake, waliona kwamba kobe wameingia Aldabra si chini ya mara tatu.

Si kobe peke yao. Katika mawe hayo imepatikana mifupa ya mamba mdogo mwenye vinundu kama pembe kichwani, ambaye sasa hayuko tena. Tena imepatikana mifupa ya ndege wa jamii moja na kuku wa majini, aliyekuwa hawezi kuruka. Ndege huyo asiyeruka alikufa kisiwa kilipozama. Baada ya bahari kushuka, ndege wa ukoo ule ule wenye kuruka walikuja tena kutoka Bukini, yaani Madagaska, wakakaa, na vizazi vyao vikapoteza nguvu ya kuruka mara ya pili. Habari hizi zilielezwa na wataalamu mwaka 2019.

Kobe nao walitoka wapi? Katika Bukini imepatikana mifupa ya kobe wakubwa wa aina mbalimbali, na ukoo mmoja ni ule ule wa kobe wa Aldabra. Tena mkondo wa bahari upitao kaskazini ya Bukini huenda upande wa magharibi na kaskazini. Kitu kiangukacho majini huko chaweza kuchukuliwa mpaka Aldabra. Lakini kitu kiangukacho majini katika pwani yetu hakiwezi kwenda huko kwa urahisi, kwa sababu kingepaswa kushindana na mkondo. Basi yaaminika kwamba mababu wa kobe wa Aldabra walitoka Bukini.

7. KOBE WA KIMBIJI

Hata hivyo, kwa muda mrefu maneno haya yalikuwa ya kukisia. Hapakuwa na ushahidi ulio thabiti wa kobe wa nchi kavu aliyevuka bahari kuu akafika ng'ambo akiwa hai. Ushahidi huo ulipatikana katika nchi yetu.

Mwezi wa Desemba mwaka 2004 kobe mkubwa jike alionekana akitoka baharini katika pwani ya Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam. Alikuwa amekonda sana. Miguu yake na upande wa chini wa gamba lake vilifunikwa na wanyama wadogo wa baharini wenye vigamba, wale ambao hujishika kwenye magogo yaeleayo na chini ya vyombo. Wavuvi huwajua sana, kwa maana hawana budi kuwakwangua wapandishapo chombo pwani, kabla ya kukipaka deheni.

Wanyama hao wadogo ndio waliokuwa mashahidi. Hawajishiki na kitu kilicho nchi kavu; lazima kiwe majini. Tena hukua kwa kipimo kijulikanacho. Wataalamu walipowapima wakubwa wao, waliona kwamba kobe yule alikuwa amekaa baharini kwa muda wa majuma sita au saba. Na umbo lake lilionyesha kuwa ni kobe wa Aldabra. Habari yake ikaandikwa na kutangazwa na wataalamu mwaka 2006.

Yawezekanaje mnyama asiyejua kuogelea kukaa majini majuma sita? Kwanza, mapafu ya kobe yako juu, chini ya gamba la mgongo, nayo yakijaa hewa humfanya aelee wima bila kupinduka. Pili, shingo yake ni ndefu, aweza kuinua kichwa juu ya mawimbi akapumua. Tatu, mwili wake hutunza mafuta na maji, naye aweza kukaa miezi bila kula wala kunywa. Nne, kobe mkubwa hushinda kobe mdogo katika mambo haya yote, maana ana akiba kubwa zaidi. Sasa twaelewa kwa nini ni kobe wakubwa waliofika visiwani mbali.

Liko na jambo la tano. Kobe jike aliyekwisha kukutana na dume aweza kuhifadhi mbegu ndani ya mwili wake kwa muda mrefu, akataga mayai yenye watoto hata kama yuko peke yake. Basi si lazima wafike wawili. Jike mmoja, akifika mahali pasipo adui, aweza kuwa mama wa kisiwa kizima.

Mwanafunzi mwenye akili atauliza, "Kama waweza kufika hapa, mbona pwani yetu haikujaa kobe wa Aldabra?" Jibu ni kwamba bara si kama kisiwa. Huku wako fisi, chui, nguchiro walao mayai, na zaidi ya wote wako watu. Kisiwa kisicho na watu wala wanyama wakali ndicho kilichokuwa kimbilio la kobe wakubwa.

8. WALIVYOKWISHA

Kimbilio hilo lilikaa mpaka watu walipojifunza kuvuka bahari kwa vyombo. Katika Bukini kobe wakubwa walikwisha baada ya watu kukaa kule, na sasa yabaki mifupa na magamba tu.

Katika visiwa vya Morisi na Rodrigues kulikuwa na kobe wengi ajabu. Mfaransa François Leguat, aliyekaa Rodrigues tangu mwaka 1691 mpaka 1693, alisimulia kwamba makundi yao yalisongamana hata mtu angeweza kukanyaga migongo yao hatua nyingi bila kugusa chini. Kisha zikaja merikebu. Mabaharia walijua kwamba kobe aweza kukaa miezi ndani ya merikebu bila chakula, akawa nyama mbichi safarini. Walichukuliwa kwa maelfu na makumi ya maelfu. Nguruwe, paka na panya walioletwa na merikebu wakala mayai na watoto. Mpaka karne ya 19 ilipofikia katikati, ukoo ule wote ulikuwa umekwisha.

Katika Morisi liko bwawa liitwalo Mare aux Songes. Mwaka 1865 mwalimu wa shule aitwaye George Clark alikuta humo mifupa ya dodo, ndege mkubwa asiyeruka aliyekwisha zamani. Wachunguzi waliokuja baadaye waliona kwamba mifupa iliyo mingi zaidi bwawani ni ya kobe wakubwa, na kwamba wengi walikufa miaka kama 4,200 iliyopita, wakati wa ukame mkali, walipokusanyika kutafuta maji. Lakini angalieni tofauti. Ukame ule uliua maelfu, wala haukuwamaliza. Waliobaki walizaa tena. Merikebu ziliwamaliza.

Aldabra ilinusurika kwa kuwa iko mbali, haina bandari njema, na mawe yake huchoma miguu. Hata hivyo ilikuwa karibu kupotea. Mwaka 1874 Charles Darwin na wataalamu wenzake walimwandikia Gavana wa Morisi kumwomba awalinde kobe wa Aldabra wasije wakakwisha kama wenzao. Katika miaka ya 1960 Serikali ya Uingereza ilikuwa na shauri la kujenga huko uwanja wa ndege za vita. Wataalamu wengi walipinga, na mwaka 1967 shauri hilo likaachwa. Mwaka 1982 Aldabra ikaandikwa katika Urithi wa Dunia. Leo ni mahali pawili tu duniani ambapo kobe wakubwa wamedumu porini tangu kale: Aldabra katika bahari yetu, na visiwa vya Galapagos upande wa Amerika ya Kusini.

9. KOBE WA CHANGUU

Msidhani kwamba habari hizi za hasara ni za watu wa mbali tu. Mwaka 1919 Gavana wa Shelisheli alipeleka zawadi ya kobe wanne wa Aldabra katika kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja. Wakazaa, na mwaka 1955 walikuwa wapata 200. Ndipo wezi walipoanza kuwachukua ili kuwauza au kuwala. Mwaka 1988 walibaki kama 100, mwaka 1990 kama 50, na mwaka 1996 walibaki 7.

Mwaka huo watoto 80 wa kobe walipelekwa Changuu ili kuongeza hesabu, lakini 40 miongoni mwao wakatoweka. Kisha Serikali ya Zanzibar, kwa msaada wa chama cha kutunza wanyama, ikajenga ua imara. Ilipofika mwaka 2000 walikuwapo wakubwa 17, wa kati 50, na wachanga 90. Hivyo twaona kwamba kilichoharibiwa na mikono ya watu chaweza pia kutengenezwa na mikono ya watu, mradi wabaki wachache wa kuanzia. Wakiisha wote, hakuna serikali wala mtaalamu awezaye kuwarudisha.

Na sisi tunao wetu. Pwani ya Madete, katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kasa hupanda usiku kutaga mayai mchangani, kama mababu zao walivyofanya kabla mtu hajawako duniani. Kobe mdogo wa shambani naye ni wa ukoo huo huo. Ukoo huu uliona milima ya moto ya Laetoli, ukaona visiwa vikizama na kutokea tena, ukavuka bahari bila chombo wala nahodha. Mtoto amwonaye kobe njiani na kumpisha, au aonaye mayai ya kasa na kuyaacha, amefanya jambo dogo. Lakini kisiwa cha Aldabra kilijazwa na vizazi vya wachache tu waliofika salama.

MASWALI

1. Kwa nini mtu hawezi kumtoa kobe katika gamba lake akawa hai?

2. Yule mnyama wa China aliyeitwa kobe mwenye meno alikuwa na gamba wapi, na hakuwa nalo wapi? Jambo hilo latufundisha nini?

3. Eleza kwa maneno yako jinsi mfupa ugeukavyo kuwa jiwe.

4. Wataalamu walijuaje kwamba kobe waliingia Aldabra zaidi ya mara moja?

5. Wanyama wadogo waliojishika kwenye kobe wa Kimbiji walithibitisha nini?

6. Taja mambo matano yaliyomwezesha kobe mkubwa kuvuka bahari na kuanza ukoo mpya.

7. Ukame wa Morisi uliua kobe wengi lakini haukuwamaliza. Kwa nini merikebu ziliwamaliza?

8. Chora ramani ndogo ya Bahari ya Hindi, uonyeshe Bukini, Aldabra, Unguja na Kimbiji. Tia mishale kuonyesha njia ya mkondo.

9. Waulize wazee wa nyumbani kwako: je, kobe walikuwa wengi zaidi zamani kuliko sasa? Andika majibu yao, uyalete darasani.